Fahamu: Goma ilitekwaje?

Katika kinyozi kimoja Lucky Summer, Nairobi, rumba ikipigwa, swali halikosi: Goma ilianguka vipi?

Mji huo wa mashariki mwa Kongo umebanwa kati ya Ziwa Kivu na mpaka wa Rwanda. Januari 2025 waasi wa M23 walitwaa Minova, kisha Sake. Barabara za kupitisha chakula na askari zikakatika. Januari 27 wakaingia Goma.

Kwa nini jina M23? Linatokana na mkataba wa Machi 23, 2009, ambao wanadai serikali iliukiuka.

Ni mara ya kwanza kuiteka Goma? La. Waliiteka pia Novemba 2012, wakaondoka siku chache baadaye.

Na Rwanda? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inawasaidia, Kigali inakana.

Nairobi inaingiaje? Muungano wao, AFC, ulizinduliwa hapa Desemba 2023 na Corneille Nangaa, mkuu wa zamani wa tume ya uchaguzi Kongo. Wanajeshi wa Kenya nao walipelekwa Goma Novemba 2022, wakarudi mwaka uliofuata.

Ndiyo maana simu ya mteja Mkongomani ikilia, kinyozi huzima mashine kwanza: huenda ni habari za Goma.