Msitu Haulindwi kwa Bunduki Peke Yake



Katika mkutano wetu mmoja wa wachuma chai, mama mmoja alisimama akauliza: "Ndugu katibu, kila siku magari ya watalii yanatupita hapa barabarani na kututimulia vumbi. Wanakwenda kutazama gorila. Na sisi tunapata nini?" Watu walicheka, lakini swali lile halikuwa la mzaha. Nilimjibu, "Mama, nitalijibu kwa kirefu katika gazeti letu." Jibu lenyewe ni hili.

UTALII WA MAZINGIRA NI NINI?

Mtu anatoka nchi ya mbali, analipa pesa ili aone msitu, ndege na wanyama pale wanapoishi. Akiondoka, msitu unabaki vilevile alivyoukuta. Huo ndio utalii wa mazingira. Pesa anayolipa inapaswa kufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuutunza msitu. Ya pili ni kuwafaa wananchi wanaokaa jirani na msitu huo. Ikikosekana moja kati ya hizo mbili, basi hiyo ni biashara kama biashara nyingine, iliyopewa jina zuri.

Tutazame mfano wa Bwindi, msitu ulioko kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo.

MAMBO YALIYOTOKEA BWINDI

Bwindi uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali tangu wakati wa Waingereza, mwaka 1932. Hata hivyo wananchi waliendelea kuingia. Walipasua mbao, walichimba dhahabu, walirina asali na kutega wanyama. Mwaka 1991 serikali ilitangaza kwamba Bwindi sasa ni hifadhi ya taifa. Mara moja kuingia kukawa kosa. Mtu aliyekuwa anasomesha watoto kwa mbao au kwa asali akajikuta anaitwa mwizi.

Matokeo yake yalikuwa ugomvi. Mioto iliwashwa msituni, na wananchi walipoombwa kusaidia kuizima, wengi walikataa. Askari wa hifadhi walikuwepo na bunduki zao, lakini bunduki haizimi moto.

Walioumia zaidi ni Batwa, watu ambao msitu ulikuwa nyumba yao, duka lao na hospitali yao tangu mababu. Walitolewa bila kupewa ardhi ya kutosha wala fidia. Wengi wakageuka vibarua katika mashamba ya watu wengine. Miaka 30 ilipita ndipo Mahakama ya Katiba ya Uganda, mwezi Agosti 2021, iliposema kwamba Batwa hawakutendewa haki.

Wakubwa wa hifadhi walipoona hali ni mbaya, walibadili mwendo. Katika miaka ile ya 1990 wananchi wa vijiji fulani waliruhusiwa, kwa makubaliano, kuingia sehemu maalumu kuweka mizinga ya nyuki, kuchuma dawa za miti shamba na kukata nyuzi za kusukia vikapu. Mwaka 1993 watalii walianza kupelekwa kuona gorila kutoka Buhoma. Mwaka 1996 sheria ikasema kwamba asilimia 20 ya kiingilio cha getini iende kwa wananchi wanaopakana na hifadhi. Pesa hizo zimejenga madarasa, zahanati na barabara.

Ugomvi ulipungua, na gorila wakaongezeka. Hesabu ya mwaka 1997 ilikuta gorila wapatao 300 Bwindi. Hesabu ya mwaka 2018, pamoja na msitu wa Sarambwe upande wa Kongo, ilikuta 459. Ukiongeza wale 604 waliohesabiwa mwaka 2015 na 2016 katika milima ya Virunga, inayogawanywa na Uganda, Rwanda na Kongo, unapata gorila 1,063. Hao ndio gorila wote wa milimani waliohesabiwa duniani. Hawapatikani mahali pengine popote.

KWA NINI MASHARTI NI MAKALI?

Watu wengine huuliza: kama gorila wanaleta pesa, mbona wasiruhusiwe watalii mia kwa siku? Sababu ni kwamba gorila ni karibu sana na binadamu katika damu na mwili. Mafua ambayo wewe unayapuuza yanaweza kumuua. Kwa hiyo kundi moja la gorila hutembelewa na watalii wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa moja tu. Mgeni mwenye kikohozi au homa hazuiliwi kwa ubaya, ila harusiwi kwenda. Baada ya ugonjwa wa korona kuingia mwaka 2020, umbali wa kusimama uliongezwa kutoka mita 7 hadi 10, na barakoa zikavaliwa.

Mfanyakazi wa kiwandani ataelewa upesi. Mashine ukiiendesha kupita kiasi chake, leo utatoa mali nyingi, kesho itavunjika na wote mtakaa bure.

TUPIGE HESABU

Sasa tuje kwenye swali la mama. Pesa zinakwenda wapi?

Mwezi Julai 2024 kibali cha mgeni kuona gorila Uganda kilipandishwa hadi dola 800. Huko Rwanda kilifika dola 1,500 mwaka 2017. Hiyo ni bei ya saa moja na gorila. Hoteli na gari ni mbali.

Lakini angalia vizuri ile asilimia 20 ya Uganda. Inakatwa katika kiingilio cha getini, ambacho ni kidogo, haikatwi katika kibali cha gorila, ambacho ndicho chenye pesa. Ndiyo maana iliongezwa tozo nyingine kwa kila kibali, ikaanza na dola 5 na baadaye ikawa dola 10. Wakati kibali kilipokuwa dola 600, hizo dola 10 zilikuwa hazifiki dola 2 katika kila dola 100. Rwanda walichagua njia nyingine. Tangu 2005 walitenga asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa ajili ya wananchi jirani, na mwaka 2017 wakaifanya 10.

Kwa hiyo ukiambiwa "asilimia 20", usipige makofi haraka. Uliza kwanza: asilimia 20 ya nini?

SOMO LA RAFIKI

Mwezi Machi 2020 korona ilifunga njia. Watalii hawakuja. Wapagazi, wapishi, madereva na wachonga vinyago walikaa bila kazi. Njaa ikaingia nyumbani, na mitego ikarudi msituni. Mwezi Juni mwaka ule ule gorila dume aliyeitwa Rafiki, kiongozi wa kundi la Nkuringo, alikutwa amekufa kwa jeraha la mkuki. Mtu aliyekamatwa alisema alikwenda kuwinda wanyama wadogo, akakutana na Rafiki, akamchoma kwa kujihami. Alihukumiwa kifungo cha miaka 11.

Sisemi alitenda vyema. Rafiki alikuwa analisha familia nyingi, ingawa hakujua. Lakini tujiulize: katika miaka yote ya watalii wengi, je, kulikuwa na akiba iliyowekwa kwa siku ya shida? Mfanyakazi wa msimu asiye na mkataba wala akiba ya uzeeni, siku kazi ikisimama, huwa amebakiwa na kipi?

NA SISI WA MASHAMBANI?

Msitu unatuhusu hata kama hatujaona gorila hata mmoja. Mti wa chai unataka mvua na unyevu, na msitu ndio unaotunza vijito vyetu. Gorila hali majani ya chai, kwa hiyo chai imepandwa pembeni mwa misitu mingine iwe ukanda wa kuzuia wanyama wasiingie katika ndizi na mahindi ya wananchi. Tena, chai haikauki bila moto, na viwanda vingi huchoma kuni. Kiwanda kisichopanda mikaratusi yake kitaula msitu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tufanye haya:

1. Katika kila tawi, tuulize uongozi wa kiwanda kuni zinatoka wapi, na miti mingapi imepandwa mwaka huu.

2. Wenzetu wa hoteli za watalii na wapagazi tuwaingize katika chama. Wadai mkataba wa maandishi na akiba ya uzeeni.

3. Pesa za wananchi zikifika wilayani, tudai zisomwe hadharani katika mkutano wa kijiji: zimeingia ngapi, zimetumika wapi.

4. Batwa wasisahauliwe. Waliukaa msitu kabla yetu sisi wote.

Mama yangu, jibu lako ni hili: tunapata kidogo, na tunastahili zaidi. Lakini msitu ukifa, hata hicho kidogo hakitakuwepo. Tuulinde, na tudai fungu letu. Umoja ni nguvu.