Spesa ya Kabureta: Kwanza Ujue Unatibu Nini

Wapenzi wa magari ya zamani Afrika Mashariki wanaikumbuka Datsun 240Z kwa sababu nzuri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa nayo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia ushindi huo. Lakini gari la aina hiyohiyo, likiegeshwa mchana baada ya mwendo mrefu, linaweza kugoma kuwaka robo saa baadaye. Betri ni nzima, plagi ni safi, starta inazungusha vizuri, na harufu ya petroli imejaa chini ya boneti. Hapo ndipo wengi humsikia fundi akisema: tia spesa.

Spesa ni kipande kinachowekwa kati ya kabureta na manifoldi ya kuingizia hewa. Hufanya kazi mbili zisizofanana: kuizuia kabureta isipate joto, na kubadili njia ya hewa inayoingia kwenye silinda. Fedha nyingi hupotea kwa kuwa mtu amenunua ya kazi moja ilhali gari lake linahitaji ya kazi nyingine.

Tuanze na joto. Katika injini ya 240Z, ya silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, manifoldi ya hewa na ya eksozi ziko upande mmoja, na kabureta zake mbili zimekaa juu ya eksozi. Gari likiwa mwendoni, upepo hupita na petroli mpya huingia ikiwa na ubaridi wake. Injini ikizimwa, feni husimama, maji hayazunguki tena, na joto lote la chuma hupanda juu. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi, wakati maji ya rejeta yamepita 80. Inapochemka ndani ya bakuli la kabureta, mapovu huisukuma kupitia jeti hadi kwenye manifoldi. Injini hulewa mafuta, kisha bakuli hubaki tupu.

Mwinuko huzidisha tatizo. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na petroli nayo huwahi kuchemka. Ethanoli inayochanganywa kwenye petroli ya Marekani na Uingereza, ambayo huchemka kwenye nyuzi 78, imewaongezea wenye magari ya zamani huko shida hiyohiyo.

Wahandisi wa Datsun walilijua jambo hili, ndiyo maana 240Z ilitoka kiwandani ikiwa na vipande vya bakelaiti chini ya kabureta pamoja na bati la kukinga joto la eksozi. Baada ya miaka 50, vipande hivyo mara nyingi vimepasuka au vimetupwa, na mahali pake pamewekwa alumini iliyochongwa ikang'aa. Alumini hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko bakelaiti. Ni nzuri kwa macho, lakini kwa ugonjwa huu ni daraja la kuvushia joto.

Kazi ya pili, ya hewa, huonekana zaidi kwenye injini za V8 za Marekani zenye kabureta ya makoo manne. Spesa yenye matundu manne huendeleza kila koo peke yake, kwa hiyo hewa hushuka kwa kasi na kunyooka, jambo linaloweza kusaidia mizunguko ya chini na ya kati. Spesa iliyo wazi katikati huongeza nafasi ambamo kila silinda inaweza kuvuta kutoka makoo yote. Faida yake huelekea mizunguko ya juu, na huko chini injini inaweza kuwa nzito. Gari la kwenda kazini na harusini halifiki huko juu, kwa hiyo mwenye gari hilo hulipia nguvu asiyoitumia.

Ufungaji nao unataka utulivu. Stadi ziwe ndefu za kutosha, gasketi ziwe mpya juu na chini, na nati zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu kitako cha kabureta hupinda kikilazimishwa. Kila kiungo kipya ni mahali ambapo hewa inaweza kupenya na kuipunguzia injini mafuta. Fimbo za akseleta hubadilika pembe, na boneti huenda isifunge. Penye kabureta mbili, spesa zilingane, kisha kabureta zisawazishwe upya.

Kabla ya kununua, naomba jambo moja. Pima joto la bakuli la kabureta robo saa baada ya kuzima injini. Angalia bati la kukinga joto, bomba la petroli lililo karibu na eksozi, kina cha mafuta kwenye bakuli na majira ya cheche. Ukimaliza, rudisha kwanza bakelaiti ya kiwanda. Kisha endesha mwendo uleule, egesha palepale, subiri robo saa, pima tena na uwashe. Likiwaka mara moja, huna haja ya spesa nyingine.