Lugalo Juu ya Kimbweta: Namna ya Kutengeneza na Kujaribu Mchezo wa Vita

Mwulize mwanafunzi yeyote aliyesoma historia sekondari Zelewski alipigwa lini, atakutajia bila kusita: Lugalo, 17 Agosti 1891. Sasa mwongezee swali la pili. Iweje kikosi chenye askari zaidi ya 300, bunduki na mizinga, kisambaratishwe na watu ambao wengi wao walishika mikuki, tena kwa muda unaokadiriwa kuwa kama dakika 10? Hapo ndipo wengi wetu tunaanza kuangalia dari. Tarehe tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Sababu hatukuulizwa.

Makala hii inaeleza njia moja ya kuijibu "iweje" hiyo kwa mikono yako: kutengeneza mchezo wa vita wa mezani, wenye sanamu ndogo, dadu na rula, kisha kuujaribu mpaka usimame. Huhitaji kuwa mtu wa kozi ya historia. Mtu wa takwimu, wa sanaa au wa uhandisi ana kazi yake hapa.

Mchezo wenyewe ni nini?

Si kitu kipya. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa dadu na mwamuzi, na jeshi la nchi yake likautumia kufundishia maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu chake Little Wars, akauleta mchezo wa namna hiyo sebuleni kwa wanajeshi wa bati. Tangu hapo umeenea duniani kote.

Michezo hii iko ya aina mbili kubwa. Kuna ile ambayo sanamu moja inasimama badala ya watu 20 au 100. Halafu kuna ya mapigano madogo, ambapo sanamu moja ni mtu mmoja: akianguka, ameanguka yeye. Sisi tunataka hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayokulazimisha kumfikiria mtu mmoja mmoja: huyu anaona nini, amebeba nini, atafika wapi kabla mwenzake hajapakia risasi.

Kwanza soma, halafu kata manila

Maandalizi yanaanzia maktaba. Kwa Lugalo, mambo ya msingi ni haya. Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, alikuwa anaelekea Kalenga kwa Mkwawa. Askari wake wengi hawakuwa Wajerumani: jeshi hilo liliundwa mwaka 1889 na Wissmann kwa kuajiri watu kutoka Sudani na kusini mwa Msumbiji, pamoja na watu wa pwani. Msafara ulikuwa pia na wapagazi 170 hivi, ukatembea kwa mstari mrefu kwenye njia yenye vichaka. Wahehe walikuwa wamejificha pembeni. Walipoinuka, askari walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili tu kabla ya mikuki kuwafikia. Zelewski akauawa. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara, alikusanya walionusurika kwenye kilima, baadaye akaondoka nao. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300, lakini nao walipoteza watu wengi, wengine wakifa baadaye kwa majeraha.

Kuna na jambo linalosimuliwa sana: ishara ya kuanza ilikuwa mlio wa bunduki, na ofisa mmoja wa Kijerumani akafyatua risasi akimlenga ndege. Wahehe wakadhani ndiyo ishara, wakainuka kabla msafara wote haujaingia mtegoni. Ndiyo maana Tettenborn alipona. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Angalia pia habari inatoka kwa nani. Ripoti ya Tettenborn ni ya upande ulioshindwa. Masimulizi ya Wahehe yana mambo ambayo yeye hakuweza kuyaona, na makumbusho ya Kalenga yapo kwa ajili yako. Pale mawili yanapotofautiana, usifiche. Weka tofauti hiyo ndani ya mchezo kama chaguo la wachezaji.

Hesabu ya meza

Sanamu ya kawaida ya michezo hii ina urefu wa milimita 28, yaani mtu wa mita 1.7 amepunguzwa mara 60 hivi. Chukua nusu ya ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, uweke juu ya kimbweta. Unapata meza ya sentimita 120 kila upande, ambayo kwa kipimo hicho ni mita 72. Watu wakitembea kwa kupishana mita 2, meza yako inabeba watu 36. Basi.

Hapo unagundua kwamba Lugalo yote haiingii mezani. Watu karibu 500 kwa mstari mmoja ni kama kilomita nzima, sawa na meza ya mita 16 na ushee. Kwa hiyo unachagua kipande kimoja cha msafara: askari 24, wapagazi 11 na ofisa 1, upande mmoja, Wahehe 40 vichakani, upande wa pili. Sanamu 76 jumla.

Za kununua zinatoka nje na bumu halitoshi. Kata karatasi ya manila, chora mtu pande zote mbili, simamisha kwenye kizibo cha soda chenye udongo kidogo ndani. Vizibo tumevizoea kwenye drafti, vinakaa vizuri mezani. Vichaka ni vipande vya sponji vilivyopakwa rangi, vilima ni maboksi yaliyopangwa ngazi ngazi au soli za ndala zilizokwisha, njia ni mchanga na gundi. Jioni mbili watu watatu wanamaliza.

Kanuni: anza na chache

Kanuni nzuri hutokana na kitu unachoweza kukipima. Tuseme zamu moja ni sekunde 5. Mtu anayetembea na mzigo anakwenda kama mita 6, sawa na sentimita 10 mezani. Anayekimbia vichakani anakwenda mita 15, sawa na sentimita 25. Wahehe wamejificha mita 30 kutoka njiani, yaani sentimita 50. Watafika kwa zamu 2.

Kwa upande wa askari, bunduki yao ya Mauser ilipakiwa risasi moja moja. Basi kila zamu askari wanatangulia kupiga, kisha Wahehe wanakimbia. Ila askari ameshtukizwa, kwa hiyo kwanza arushe dadu: akipata 4 au zaidi amezinduka, anaruhusiwa kupiga. Akipiga, 5 au 6 ni shabaha.

Tupige hesabu. Zamu ya kwanza, nusu ya askari 24 wanazinduka, yaani 12, na theluthi ya risasi zao zinapata: Wahehe 4 wanaanguka. Zamu ya pili wanazinduka wengine 6, wanapiga 18, wanaanguka 6. Kwa wastani, katika Wahehe 40, wanafika 30. Na kila askari aliyezinduka amepiga risasi moja au mbili, kama ilivyoripotiwa. Kanuni inapokurudisha kwenye kumbukumbu bila wewe kulazimisha, ujue uko njiani.

Wakishafikana, kila mmoja anarusha dadu, na Mhehe anaongeza 1 kwa ile kasi aliyokuja nayo. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, Mhehe anashinda 21, wanakwenda sare 5, askari anashinda 10. Nyongeza ya 1 inaonekana ndogo, kumbe imeinamisha meza. Kabla hujaongeza nyongeza yoyote kwenye kanuni zako, kaa chini uihesabu hivyo.

Sasa ile risasi ya ndege

Hapa ndipo mchezo unapokuwa mtamu. Msafara unaingia kutoka mashariki, watu 3 kila zamu. Anayecheza Wahehe anaweza kuinuka wakati wowote, lakini kadiri anavyosubiri ndivyo wengi wanavyoingia mtegoni. Kila zamu inarushwa dadu kuona kama bunduki imelia kwa bahati mbaya. Swali: uwezekano uwe kiasi gani?

Ukisema dadu moja ikionyesha 1 risasi imelia, basi kufikia zamu ya 4 kuna uwezekano wa asilimia 52 kwamba mambo yameshaharibika, na walioingia ni 12 tu. Kusubiri mpaka zamu ya 12, watu wote 36 wakiwa ndani, kunafaulu kwa asilimia 11. Hakuna mtu mwenye akili atakayesubiri. Ukitumia dadu mbili na kutaka zote zionyeshe 1, kusubiri kunafaulu kwa asilimia 71, na sasa kila mtu atasubiri. Kote kuwili uamuzi umekufa. Weka jumla ya dadu mbili iwe 3 au chini: kufaulu ni asilimia 35. Hapo mchezaji anaanza kujikuna kichwa. Na unapomwona anajikuna, umemfundisha kitu kuhusu siku ile ambacho hakipo kwenye desa lolote.

Kujaribu si kucheza tu

Mchezo haukamiliki kwa kuandikwa. Unajaribiwa kwa hatua tatu.

Kwanza jaribu peke yako, pande zote mbili. Hapa unatafuta mashimo: kanuni mbili zinazogombana, hali ambayo hukuitaja. Mpagazi akitupa mzigo anaweza kuokota bunduki ya aliyeanguka? Sare ikitokea, nani anarudi nyuma?

Pili, jaribu na wenzako ukiwa unawaelekeza. Andika kila kipindi: zamu ngapi, dakika ngapi, nani kashinda, swali gani limeulizwa. Swali likiulizwa mara mbili na watu tofauti, kosa si la wachezaji, ni la maandishi. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa mwendo na shabaha kwa pamoja, hutajua dawa iliyoponya ni ipi.

Tatu, wape watu wasiokujua karatasi ya kanuni na boksi, wewe ukae pembeni kimya. Hii ndiyo ngumu. Utaona wanavyosoma vibaya na ulimi utawasha. Vumilia. Mchezo ukitoka nje ya hosteli yenu wewe hutakuwepo kueleza.

Halafu jihadhari na kuhukumu haraka. Hata mchezo ulio sawa kabisa hutoa ushindi mara 3 mfululizo kwa upande uleule katika robo ya majaribio. Upande mmoja kushinda mara 8 au zaidi kati ya 10 hutokea kama mara 1 katika 9. Wabadilishane pande, cheza tena, ndiyo useme.

Nani kashinda?

Kwa kanuni hizi askari karibu kila mara watazidiwa. Je, kuna raha gani kucheza upande unaojua utapigwa? Jibu liko kwenye namna ya kuhesabu ushindi. Anayecheza msafara anapata pointi kwa kila mtu anayemtoa salama kupitia ukingo wa mashariki, kuelekea kwenye kilima cha Tettenborn. Anayecheza Wahehe anapata pointi kwa bunduki alizoteka, na anapoteza kwa kila mtu wake aliyeanguka. Mkwawa alihitaji silaha, lakini alihitaji watu wake zaidi, maana Wajerumani wangerudi. Na walirudi: Oktoba 1894 waliivamia Kalenga kwa mizinga, ukuta haukuzuia.

Mpagazi je? Ukimpa pointi sawa na bunduki, umemfanya mzigo. Ukimwacha bila pointi, mchezaji atamwacha afe bila kufikiri. Hili wahesabu watu wa dadu hawawezi kukumalizia. Jadilianeni. Njia mojawapo ni kuwapa wapagazi mchezaji wao wa tatu, ambaye lengo lake ni moja tu: kutoka hai. Ukiijaribu utaona mchezaji huyo ndiye anayeuliza maswali makali kuliko wote, kwa mfano, hivi mimi hapa nilifuata nini?

Wapo watakaosema kuwa kuchezea vita ambavyo babu zetu walikufa ni utovu wa heshima. Hoja hiyo isipuuzwe. Usichore Wahehe kama katuni, usiwaite askari wasaliti kabla hujajua waliajiriwa wapi na kwa nini, na kila kipindi kikiisha kaeni dakika 10 mzungumze mlichoamua na kwa nini. Bila mazungumzo hayo, mmerusha dadu tu.

Kwa kuanza unahitaji karatasi mbili za manila, vizibo 76, dadu mbili, rula na washkaji watatu wenye subira. Lugalo ikishasimama, jaribuni Kalenga. Huko Wahehe wako ndani ya ukuta na mizinga iko nje, na kanuni zile zile za kukimbia vichakani hazitawasaidia chochote.