Singe yenye namba 1907 si ya Majimaji

Babu alikunjua kitambaa juu ya mkeka, akaniwekea singe mkononi. Ilikuwa imeshika kutu, na ubao mmoja wa mpini ulikuwa na ufa. Lakini kwenye bapa, karibu kabisa na mpini, chini ya alama ya taji na herufi GR, namba nne zilisomeka bila taabu: 1907.

"Soma mwenyewe, mjukuu wangu," aliniambia. "Mwaka wa Majimaji huo."

Hapa Songea mtu hawezi kulaumiwa kwa kusoma hivyo. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilianza 1905 na kuisha 1907, na kila Februari 27 mji unawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa mwaka 1906, ambao kaburi lao la pamoja liko kwenye viwanja vya Makumbusho ya Majimaji. Namba hiyo inaingia kwenye hadithi kama ufunguo kwenye kufuli. Tatizo ni kwamba 1907 si mwaka singe ilipotengenezwa. Ni jina la aina yake: Waingereza waliipitisha mwaka huo kwa ajili ya bunduki ya Lee-Enfield, wakaendelea kuigonga 1907 kwenye kila moja kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka wa kweli uko chini yake, kwa herufi ndogo. Tulipasugua kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, tukainamisha bapa kwenye mwanga wa mlangoni: 5 '16. Maana yake Mei 1916. Waingereza waliingia Songea wakipigana na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Septemba 1916, kwa hiyo singe hii haikuweza kukanyaga ardhi ya Wangoni kabla ya miaka 10 kupita tangu kitanzi cha 1906.

Kama huoni chapa, pima. Rula ya mwanafunzi inatosha. Bapa la singe ya Kiingereza ya 1907 lina urefu wa sentimita 43. Singe ndefu ya Mjerumani ya mwaka 1871 ina bapa la kama sentimita 47 na mpini wa shaba ya manjano. Mdogo wake, 71/84, ana bapa la kama sentimita 25 na mpini wa mbao. Ile ya 98/05, yenye bapa linalopanuka kuelekea nchani, ina sentimita 37. Kwa miaka yake, singe ya 1871 au ya 71/84 ingeweza kuwapo hapa wakati wa Majimaji, maana askari wa Mjerumani walibeba bunduki ya Mauser ya 1871, ile ya risasi moja moja na moshi mzito. Kuweza kuwapo si ushahidi kwamba ilikuwapo, lakini walau hesabu haigomi.

Chapa ya kiwanda nayo hupotosha. Jina la Simson & Co. wa Suhl, Ujerumani, linaonekana kwenye singe fupi za bunduki ya Wareno ya 1904, zenye bapa la sentimita 28. Hizo zilikuwa kusini mwa mto Ruvuma, upande wa Msumbiji. Novemba 25, 1917, jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck lilivuka mto na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, likachukua bunduki zipatazo 600 na risasi 250,000. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, jeshi hilo lilisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala, Zambia. Lilikabidhi bunduki 1,071, na kwa maelezo ya Lettow-Vorbeck mwenyewe zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Anayeamini kwamba kila singe iliyoachwa na askari wa Mjerumani lazima iwe ya Kijerumani aitazame namba hiyo mara mbili.

Sasa pesa, maana ndilo swali la kwanza la vijana. Singe ya 1907 bila ala ina uzito wa chini kidogo ya nusu kilo, kama gramu 470. Mnunuzi wa chuma chakavu, hata akilipa shilingi 1,000 kwa kilo, atakupa shilingi 470. Kwenye minada ya Uingereza singe ya kawaida ya aina hiyo huuzwa kati ya pauni 80 na 150. Tukihesabu pauni kwa shilingi 3,300, hiyo ni shilingi 264,000 hadi 495,000, zaidi ya mara 500 ya bei ya mizani. Zile za mwanzo, zenye ndoano kwenye mkingamo wa mpini, ambayo ilifutwa mwaka 1913, huuzwa ghali zaidi, ndiyo maana wadanganyifu huichomelea upya. Lakini singe za 1907 zilitengenezwa kwa mamilioni, na nauli, kibali na dalali vitakula sehemu kubwa ya pesa hiyo. Sioni utajiri hapo.

Hasara ninayoiona ni msasa. Nimeona singe iliyong'arishwa kama sahani ya harusi, nzuri kwa macho, lakini taji, mwezi, mwaka na alama ya X ya ukaguzi, inayoonyesha kwamba bapa lilikunjwa likarudi, vyote vimefutika. Kwa dakika kumi za kusugua, kitu chenye tarehe kimekuwa kisu. Kutu nyekundu izuie kwa mafuta mepesi. Ile nyeusi iliyotulia iache. Andika kwenye karatasi nani aliipata, wapi na lini, uifunge pamoja nayo, na kabla ya kuuza ipeleke ikaonwe Makumbusho ya Majimaji. Usichimbe kuzitafuta: mahali kitu kilipolala ni nusu ya habari zake.

Niliogopa kumwambia babu. Nilimwonyesha 5 '16, nikamweleza taratibu. Alinyamaza, akapitisha kidole gumba juu ya namba zile ndogo.

"Basi si ya vita vile," alisema. "Ni ya vita ambavyo baba yangu alishikwa kwenda kubeba mizigo." Akaomba kalamu, akaniambia niandike jina la baba yake kwenye karatasi.