Sumaku Katikati, Taa Pembeni

Sisi watoto wa wahamiaji hapa Al Qusais tumezoea swali, "wewe ni wa wapi hasa?" Labda ndiyo maana Moungi Bawendi alinivutia kabla sijaielewa kemia yake. Baba yake Mtunisia, yeye kazaliwa Paris, akaja kuwa profesa MIT, Marekani. Mwaka 2023 alishinda Nobel ya Kemia pamoja na wenzake wawili.

Nazungumzia kazi ya Bawendi na timu yake ya 2014: chembe ndogo mno zinazovutwa na sumaku na pia kung'aa chini ya darubini. Ugumu wake ni kwamba oksidi ya chuma hula mwanga. Ukizichanganya ovyo tu, taa inafifia. Basi wao wakazipanga: chembe za sumaku zikabanana katikati, zinazong'aa zikazizunguka, juu yake ganda la silika. Wakaziingiza kwenye seli hai, wakazisogeza kwa sumaku huku wakiziona.

Shangazi yangu, aliyewahi kutibiwa saratani, alisikiliza kipindi chetu akauliza jambo moja tu: "Hospitali zitafika lini?"

Nilimwambia ukweli: bado. Chuma mwili unaweza kukivunjavunja na kukitumia. Lakini zile chembe za mwanga zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Ganda linaizuia, ila kufaulu kwenye seli za maabara na panya si sawa na mtu atakayeishi nazo miaka. Kazi iliyobaki ni kupata taa isiyo na sumu.

"Basi waharakishe, mwanangu," akasema.