Urusi: Kanisa la mfalme aliyeuawa, na soko lililobaki bila meli

Kabla ya mwaka 2022, kila kiangazi meli kubwa za kitalii zilitia nanga Saint Petersburg, mji wa Urusi ulio kwenye Bahari ya Baltiki. Abiria walishuka asubuhi, wakapanga mstari mbele ya askari wa mpaka, kisha wakapanda mabasi. Kituo ambacho wachache walikikosa ni kanisa la matofali lenye makuba ya rangi nyingi, kando ya mfereji wa Griboyedov. Wageni wengi huliita kanisa kuu. Jina lake ni Kanisa la Mwokozi juu ya Damu Iliyomwagika, na mwenye damu hiyo anajulikana.

Ni mfalme Alexander wa Pili. Mwaka 1861 aliwapa uhuru mamilioni ya wakulima waliokuwa mali ya mabwana wa ardhi. Hata hivyo, vijana wa kundi la siri la Narodnaya Volya waliona hayo hayatoshi, wakamwinda kwa miaka. Tarehe 13 Machi 1881 alikuwa akirudi ikuluni kwa gari la farasi. Bomu la kwanza liliwajeruhi walinzi na wapita njia, lakini yeye alitoka mzima. Badala ya kuondoka haraka, alishuka kuwatazama waliojeruhiwa. Hapo kijana mwingine akatupa bomu la pili. Mfalme alifariki siku hiyohiyo.

Mwanawe, Alexander wa Tatu, aliagiza kanisa lijengwe palepale. Kazi ilianza 1883 ikamalizika 1907. Kwa kuwa mfalme aliangukia kandokando ya maji, mafundi walilazimika kuupunguza upana wa mfereji ili mahali hapo paingie ndani ya kuta. Mpaka leo mgeni anayeingia huona kipande cha barabara ile ya mawe, chini ya paa dogo la vito, katikati ya fahari yote iliyobaki. Mnara mkubwa una urefu wa meta 81, na waongoza watalii hupenda kukumbusha kwamba hiyo ndiyo hesabu ya mwaka aliouawa.

Fahari yenyewe si ndogo. Ndani hakuna ukuta uliopakwa rangi tu: watakatifu, malaika, maua, vyote vimetungwa kwa mozaiki, vipande vidogo vidogo vinavyofunika zaidi ya meta mraba 7,000. Mtu anaweza kukaa humo nusu siku asimalize upande mmoja.

Lakini nusu siku ndiyo kitu ambacho abiria wa meli hana. Kwa kanuni ya Urusi, aliyeshuka melini aliweza kukaa hadi saa 72 bila viza, mradi awe na kundi la kampuni iliyoruhusiwa. Aliyetaka kutembea peke yake alihitaji viza. Kwa hiyo saa zote zilishikwa na mwenye basi. Makumbusho ya Hermitage, ikulu za nje ya mji, chakula cha mchana, na kanisa hili likabanwa katikati, mara nyingi kwa muda usiofika saa moja. Wengine walipewa dakika za kupiga picha nje tu.

Muda wa kununua, huo haukukosa. Basi lilisimama mbele ya duka kubwa lenye vyoo safi na kikombe kidogo cha vodka cha bure. Katika biashara hii, duniani kote, duka kumlipa anayeleta wageni ni jambo la kawaida, na ndiyo maana ratiba huweza kukata dakika za kanisa lakini si za duka. Walioponyoka kidogo walifika kwenye soko la wazi karibu na kanisa: matryoshka, wale wanasesere wa mbao wanaoingiana mmoja ndani ya mwingine, kofia za manyoya zenye masikio, visanduku vyeusi vyenye picha, shanga za kaharabu ya Baltiki. Aliyezoea kujadiliana bei sokoni hakupotea hapo.

Kilichopotea katika haraka hiyo ni sehemu ya pili ya habari ya kanisa, ambayo huenda ni nzito kuliko ya kwanza. Serikali ya Kisovieti ilifunga kanisa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kulikuwa na mipango ya kulibomoa. Majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji, kuanzia 1941 hadi 1944, watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu, na kanisa likawa nyumba ya kuweka maiti. Lilitumika pia kama depo ya viazi, na wakaaji wakalibatiza jina la utani, Mwokozi juu ya Viazi. Baadaye kundi la opera likaweka humo vifaa vyake vya jukwaani. Mwaka 1961 bomu la wakati wa vita lilikutwa ndani ya kuba moja, halijalipuka, likaondolewa. Kanisa lilikabidhiwa makumbusho mwaka 1970, likafunguliwa tena 1997. Ukarabati ulichukua muda mrefu kuliko ujenzi.

Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Kampuni kubwa za meli za kitalii za Magharibi ziliufuta mji huo kwenye safari zao. Mwezi Machi, Visa na Mastercard zikasimamisha kazi nchini Urusi, hata mgeni aliyebaki na kadi ya benki ya nchi yake hakuweza kulipa nayo. Watalii wa ndani wapo, ila Mrusi anayetoka mji mwingine hahitaji kuuziwa matryoshka kama kitu cha ajabu. Kwa muuzaji aliyekuwa akihesabu msimu wake kwa kuwasili kwa meli, pigo hilo halikutoka kwenye kosa lolote la biashara yake.

Meli hazikuacha Baltiki. Zinakwenda Stockholm, Helsinki na Tallinn. Katika Helsinki abiria huonyeshwa kanisa kuu la Uspenski, la mwaka 1868, hatua chache kutoka soko la bandarini. Katika Tallinn hupandishwa kilimani hadi kanisa kuu la Alexander Nevsky, lililomalizika 1900, enzi Estonia ilipotawaliwa na Urusi. Makuba ni ya Kirusi, picha hutoka nzuri, na kwenye maduka ya mitaa ya chini kaharabu na matryoshka zinauzwa kwa euro.