Wakala Anayekijua Kitabu Chako

Mwaka 1973 Stephen King alikuwa mwalimu wa sekondari katika jimbo la Maine, Marekani, akiishi na familia yake katika nyumba ya trela. Kampuni ya Doubleday ikanunua riwaya yake, Carrie, kwa malipo ya awali ya dola 2,500. Wakala hakuwa naye. Haikupita muda mrefu, haki za toleo la jalada laini zikauzwa kwa dola 400,000, na nusu ya fedha hizo ikabaki kwa Doubleday, kama mkataba ulivyosema.

Wakala wa waandishi ndiye mtu wa kukisoma kipengele kama hicho kabla kalamu haijagusa karatasi. Huupeleka muswada kwa wahariri anaowajua, hupatana bei, hufuatilia mrabaha, na huzuia haki za tafsiri, filamu na matoleo ya ng'ambo zisimezwe zote na mchapishaji mmoja. Ujira wake kwa kawaida ni asilimia 15 ya mapato ya mwandishi nyumbani, na mara nyingi 20 kwa mauzo ya nje. A. P. Watt, Mskoti aliyeianzisha kazi hii jijini London katika miaka ya 1870, alikuwa akikata 10.

Kosa la waandishi wengi wachanga ni kukimbilia jina kubwa. Kazi za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobel mwaka 2021, zinasimamiwa na ofisi ya RCW ya London, ambayo inasimamia pia za Kazuo Ishiguro. Ni heshima kubwa kuwa humo, lakini wakala mwenye orodha iliyojaa huenda asiwe na nafasi ya kumlea mtu wa kitabu cha kwanza. Wakala kijana, aliyefunzwa ndani ya ofisi yenye sifa na bado anaijenga orodha yake, mara nyingi humfaa zaidi.

Kumjua hakuhitaji ujanja. Mwandishi achukue riwaya tano zinazokaribiana na yake, zilizotoka miaka ya karibuni, afungue ukurasa wa shukrani. Humo waandishi huwataja mawakala wao kwa majina. Kisha asome masharti ya kila mmoja: wa Uingereza wengi hutaka barua fupi, muhtasari na sura tatu za mwanzo, wa Marekani huanza na barua ya ukurasa mmoja, pengine na kurasa chache. Anayeomba ada ya kusoma muswada aachwe hapohapo. Wakala wa kweli hula pale mwandishi anapokula.

Subira nayo ina hesabu yake. Kathryn Stockett, mwandishi wa The Help iliyotoka mwaka 2009, alikataliwa na mawakala 60. Susan Ramer, wa 61, aliikubali, na riwaya ikapata mchapishaji ndani ya wiki chache.

Halafu kuna bahati, ambayo hakuna mwongozo unaoifundisha. Ofisi ya Christopher Little ya London haikuwa ikishughulika na vitabu vya watoto pale muswada wa J. K. Rowling ulipofika, na ulikwisha kuwekwa kwenye rundo la kukataliwa. Mfanyakazi wa ofisi, Bryony Evens, akauchomoa. Wachapishaji kadhaa waliukataa kabla Bloomsbury haijauchukua, na mwaka 1997 Scholastic ya Marekani ikanunua haki za toleo la huko kwa dola 105,000.

Je, anayeandika kwa Kiswahili? Dar es Salaam na Nairobi muswada bado huenda moja kwa moja kwa mchapishaji, na sababu ni hesabu tu. Tuseme kitabu cha shilingi 10,000 kimeuza nakala 1,000 kwa mrabaha wa asilimia 10: mwandishi anapata milioni moja, na wakala angeondoka na 150,000 kwa kazi ya miezi. Umuhimu wake huonekana kitabu kinapovuka lugha. Paradise ya Gurnah ilipotoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, ikitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, haki ya tafsiri ilikuwa kitu cha kuombwa na kutolewa kwa maandishi, kama ilivyo kwa kila tafsiri halali. Riwaya ya Kiswahili inayotakiwa Ulaya hupita njia hiyohiyo, ila inaelekea upande wa pili, na mara nyingi haina mtu wa kuisemea mezani.

Kabla ya kusaini na wakala, mwandishi aulize mambo mawili yasiyopendeza kuulizwa siku ya furaha: fedha zitapitia akaunti gani, na watu wawili hawa wataachanaje. Rowling mwenyewe alimwacha Little mwaka 2011 akamfuata Neil Blair, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi hiyohiyo. Kwa desturi ya kazi hii, wakala wa zamani huendelea kukata asilimia yake kwenye mikataba aliyoifunga, hata kama yeye na mwandishi hawasalimiani tena.